Hii Gemu Inaniibia

Jumamosi iliyopita nilikwenda kumfuata mpwa wangu kwenye banda la gemu mitaa ya Chang'ombe, hapa Dodoma. Alikuwa ametumwa sukari tangu asubuhi na hajarudi. Nilimkuta, nikaichukua sukari, nami nikakaa. Nilikaa kama saa mbili.

Banda lile lina mashine mbili. Moja ni ya zamani, imeunganishwa na TV ya chogo, na ndani yake kuna PES 2013, gemu la mpira lililotoka mwaka 2012. Nyingine ni mpya, ina TV bapa pana kama mlango, na gemu la mpira la miaka hii ambalo unaona hadi jasho kwenye shingo ya mchezaji. Bei ni ileile, shilingi 500 kwa mechi. Foleni ilikuwa kwenye chogo.

Mvulana wa miaka kama 12, vidole vyekundu kwa ubuyu, alifungwa tatu bila. Bao la tatu lilipoingia hakumtazama mwenzake wala hakuitazama TV. Alikitazama kidole gumba chake cha kulia, akasema kwa sauti ya chini, "Nimechelewa kukaba." Akaachia pedi, akaenda nyuma ya foleni. Baada ya muda mfupi, upande wa TV bapa, kijana mkubwa kuliko yeye alifungwa moja bila dakika za mwisho. Mpira ulimgonga beki wake mguuni, ukamgonga kipa, ukaingia. Aliipiga pedi pajani. "Hii gemu inaniibia!" Alitoka nje na hakurudi.

Nimecheza magemu tangu nikiwa darasa la nne, na kwa miaka mingi nimekuwa nikibishana na wenzangu kuhusu jambo moja: gemu linakuwaje hadi mchezaji aone limekaribia kukamilika, kwamba ukiongeza kitu utaliharibu? Jibu langu liko kati ya sentensi za vijana hao wawili.

Wengi hulijibu swali hili kwa macho. Muulize muuza magemu yeyote pale Jamatini, atakuonyesha maji yanavyometa na nywele zinavyopepea. Kijana anayefuatilia habari za magemu mtandaoni atakutajia ukubwa wa ramani na saa za kulimaliza. Vyote vina thamani yake, lakini picha huzeeka. Sura za watu zilizotushangaza mwaka 2005 leo zina kona kama tofali, na bado yapo magemu ya mwaka huo ambayo watu hawajayaacha. Kuna kitu ndani yake kilichobaki picha ilipochakaa. Mimi naamini ni hiki: mchezaji akifungwa, anajua mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, kwa nini amefungwa, na sababu hiyo iko mikononi mwake.

Tunao msemo unaorushwa kila baada ya mechi: asiyekubali kushindwa si mshindani. Msemo huo unamdai mchezaji uungwana. Nadhani na mchezo wenyewe unadaiwa kitu. Yule mvulana wa ubuyu hakuwa na roho nzuri kuliko yule kijana aliyetoka nje. Yeye alipewa sababu, mwenzake hakupewa.

Sababu haiwezi kueleweka kama lugha ya mchezo haieleweki, na hapa sisi wa huku tuna ushahidi wa pekee. Mtaani kwetu tulianza na Winning Eleven, nakala za Kijapani, kwenye mashine iliyokuwa imechoka kabla haijafika Dodoma. Hakuna aliyeweza kusoma herufi hata moja. Menyu tuliikariri kwa kuhesabu: shuka mara tatu, bonyeza, shuka mara moja, bonyeza, umeingia uwanjani. Aliyejua njia ya kubadilisha mchezaji aliheshimiwa kama fundi, na wengine waliificha njia hiyo ili waendelee kuombwa. Lakini filimbi ikishalia, Kijapani hakikuwa na kazi tena. Mpira ulikuwa unasema wenyewe. Ukikiachia kitufe mapema, pasi inakuwa fupi. Ukikishikilia, inampita mwenzako. Ukimtoa beki wa kati akakabe pembeni, nyuma panabaki wazi, na mpinzani anapita hapohapo. Kila kosa lilikuja na maelezo yake, yameandikwa kwa miguu ya wachezaji. Katika wiki mbili tulikuwa tumejifunza mchezo mzima bila kuelewa neno lake hata moja.

Magemu mengi yanayotufikia yameandikwa kwa Kiingereza. Mtoto wa darasa la tatu kule Nkuhungu hawezi kusoma ukurasa mzima wa maelezo kwamba kitufe hiki ukikibonyeza pamoja na kile, wakati mita ya kijani imejaa, utapata nguvu fulani. Gemu linaloweka ufunguo wake kwenye maandishi limeshamfunga mtoto huyo kabla hajaanza, na hatajua limemfunga kwa nini. Ndiyo maana nikiona gemu linasifiwa kwa kina chake huku ukilifungua tu linakupa aya saba za maelezo, huwa nalitilia shaka.

Mfano safi kuliko yote wa gemu linalofundisha likiwa kimya ni hatua ya kwanza ya Super Mario Bros., gemu la Nintendo la mwaka 1985 lililobuniwa na Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka. Mario anaanza akiwa kushoto mwa skrini, na mbele yake ni peupe. Hakuna mshale, lakini uwazi wenyewe unakuita kwenda kulia. Hatua chache mbele kuna kisanduku chenye alama ya kuuliza kinachometameta juu, na chini anakuja kiumbe mfano wa uyoga, uso umekunjwa. Ukisimama ukimtazama, anakugusa, unakufa. Umepoteza sekunde chache tu na somo limeingia: huyu ni adui. Unarudi, unaruka. Ukimwangukia kichwani, anakufa yeye. Ukigonga kisanduku, inatoka sarafu.

Kisha kisanduku kingine kinatoa uyoga, na hapa ndipo ninapowavulia kofia wabunifu wale. Mchezaji ameshauawa na kitu chenye umbo la uyoga, kwa hiyo huyu mpya naye atataka kumkimbia. Uyoga unateleza kwenda kulia, unaanguka chini, unagonga bomba, unageuka na kumfuata. Juu ya Mario kuna matofali yanayomzuia kuruka apendavyo. Karibu kwa lazima unaugusa uyoga, na Mario anakua, anakuwa mkubwa. Kumbe si kila kinachokujia ni adui. Hakuna mwalimu ninayemjua ambaye angelipanga somo hilo vizuri zaidi.

Karibu na mwisho wa hatua hiyohiyo kuna ngazi mbili za matofali zinazotazamana. Kati yake kuna sakafu, kwa hiyo ukiruka vibaya unaangukia chini salama na kupanda tena. Mbele kidogo kuna ngazi nyingine mbili zinazofanana na zile, ila safari hii katikati pana shimo. Umepewa zoezi, kisha ukapewa mtihani. Ukitumbukia mtihanini huwezi kusema ulionewa, kwa sababu mguu wako ulishapita kwenye zoezi lilelile.

Kuelewa ni nusu ya kazi, maana mkono nao sharti usikilizwe. Gemu linalokwenda kwa fremu 60 kwa sekunde huchora picha mpya kila baada ya milisekunde 16 na ushee. La fremu 30 huchukua milisekunde 33. Ni muda mfupi kuliko kupepesa jicho, lakini mikono inaujua. Na hapo ndipo TV inapoingia. TV bapa nyingi huichakata picha kabla ya kuionyesha: huipanua, huilainisha, huipaka rangi. Kazi hiyo inakula muda, wakati mwingine makumi ya milisekunde. TV ya chogo haina mambo hayo, ishara ikiingia picha inatoka. Kwa hiyo mtoto anayebonyeza kitufe cha kukaba mbele ya chogo anaona mguu ukitoka papo hapo, wakati mwenzake wa TV bapa anabonyeza, anasubiri kitu ambacho hajui anakisubiri, na beki anafika akiwa amechelewa.

TV hizo nyingi zina mpangilio maalumu wa gemu unaozima uchakataji huo. Nilimwomba mwenye banda tuutafute, tukaupata ndani kabisa ya menyu. Vijana wawili waliokuwa wanacheza hawakuwa wanatusikiliza. Mechi iliyofuata mmoja wao alisema, "Pedi imekuwa nyepesi," na mwenzake akakubali. Hakuna aliyekuwa ameigusa pedi.

Nikakumbuka yule aliyesema anaibiwa. Huenda alikuwa anaibiwa kweli, vipande vidogovidogo vya sekunde, na hakuwa na jina la kumpa mwizi.

Sasa nifike mahali ambapo hoja yangu inapata ugumu. Nimesema gemu zuri ni la haki, lakini magemu yanayopendwa sana kwa haki yake humdanganya mchezaji, na humdanganya kwa makusudi.

Chukua Celeste, gemu la mwaka 2018 kuhusu msichana anayepanda mlima. Ni gumu. Unakufa mamia ya mara, na kila ukifa unarudi papo hapo mwanzo wa chumba kilekile. Wachezaji wengi husema hawajawahi kuliona gemu la haki kama hilo. Ukilifungua ndani unakuta limejaa huruma ya siri. Ukiruka baada ya mguu kuuacha ukingo wa mwamba kwa fremu chache, linakuhesabia kana kwamba ulikuwa bado ukingoni. Ukibonyeza kitufe cha kuruka kabla kidogo ya kutua, linakutunzia ombi lako na kukurusha mara mguu unapogusa chini. Kichwa kikiparuza kona ya dari, linakusogeza pembeni upite.

Je, huo si upendeleo? Nimelifikiria sana na nimeridhika kwamba sivyo. Mchezaji aliamua kuruka akiwa ukingoni. Kati ya uamuzi, kidole, waya na skrini kuna muda uliopotea ambao si kosa lake. Gemu linalokata kwa hesabu kavu linamwadhibu kwa ucheleweshaji wa vyombo. Gemu linalompa fremu chache linahukumu kile alichokusudia. Ni sawa na refa anayeona beki amecheza faulo lakini mshambuliaji bado ana mpira, akaacha mchezo uendelee. Anaheshimu alichokuwa anakifanya mchezaji, na sheria inabaki palepale.

Upo uongo wa aina nyingine ambao siupendi, ingawa naelewa ulikotoka. Mfululizo wa Fire Emblem ni wa vita vya kupanga vikosi kwa zamu, na kabla ya shambulio skrini inakuandikia uwezekano wa kumpata adui. Kuanzia toleo la mwaka 2002, kwa matoleo mengi, namba hiyo si ya kweli. Mashine huchukua namba mbili za bahati na kutumia wastani wake, kwa hiyo ukiandikiwa asilimia 90, hali halisi inafika kama 98. Sid Meier, mbunifu wa gemu la Civilization, aliwaeleza wabunifu wenzake mwaka 2010 kwamba mchezaji akiwa na nguvu tatu dhidi ya moja kisha akashindwa, huona ameonewa, lakini akiwa yeye ndiye mwenye moja dhidi ya tatu akashinda, huona ni jambo la kawaida. Akili zetu hazipimi bahati kwa rula. Kwa hiyo wabunifu wakaamua kuipinda rula.

Hata hivyo, Celeste halikuniandikia namba. Lilinipa mkono kimyakimya. Hili la pili limenitamkia neno, asilimia 90, na neno hilo si kweli. Nikishinda kwa 98 niliyoambiwa ni 90, ushindi wangu una doa nisilolijua, na nikipoteza sijui nimepoteza nini. Afadhali gemu linifiche hesabu kuliko linipe hesabu ya uongo.

Njia nzuri zaidi ya kuishughulikia bahati naiona kwenye Tetris. Alexey Pajitnov aliibuni Moscow mwaka 1984: maumbo saba, kila moja la miraba minne, yanadondoka kwenye kisima chenye upana wa miraba kumi. Umbo linalosubiriwa ni ule mti mrefu ulionyooka, kwa sababu ndio pekee unaoweza kufuta mistari minne kwa pigo moja. Katika matoleo ya zamani maumbo yalikuja kwa bahati tupu, na mti ungeweza kupotea muda mrefu hadi kisima kijae. Wachezaji wa Tetris huuita muda huo ukame. Dodoma neno hilo halihitaji maelezo. Unapanga, unaacha nafasi, unangoja, na kisichokuja hakiji.

Matoleo ya miaka ya karibuni yamebadilisha utaratibu. Maumbo yote saba yanatiwa kwenye mfuko mmoja, yanachanganywa, yanatolewa moja moja hadi mfuko uishe, kisha mfuko mpya. Kwa mpango huo, kati ya mti mmoja na mwingine hayawezi kupita maumbo zaidi ya 12. Bahati ipo, lakini ina ukomo, na ukomo huo unaweza kuuhesabu. Ukijaza kisima ukisubiri mti, sasa kosa ni lako: uliacha nafasi moja tu, na umbo moja tu la kuiziba. Sioni mahali pengine ambapo badiliko dogo hivyo la kanuni limehamisha lawama kwa ukamilifu namna hiyo, kutoka kwa mashine hadi kwa mchezaji, na mchezaji akafurahi.

Naona hapo ndipo magemu mengi ya mpira ya leo yanapowapoteza vijana wa Chang'ombe. Wachezaji wengi wanaamini mashine huamua nani ashinde, kwamba ukiongoza mbili bila wachezaji wako hulegezwa miguu. Siwezi kuwathibitishia hilo, na kwa hoja yangu halina uzito kama ni kweli au si kweli. Shaka yenyewe inatosha kuua mchezo. Shaka huzaliwa pale mchezo unapotoa matokeo bila kuonyesha njia iliyoyaleta. Mpira ukigonga watu wawili na kuingia, hata kama hesabu zote za ndani ni halali, mtoto anaona kiini macho.

Nenda Majengo jioni ukawatazame wazee wanaocheza bao. Mashimo 32, kete 64, kila kitu kiko wazi juu ya ubao. Mwanzoni kila mmoja ana kete 22 mkononi za kunamua, yaani kuziingiza ubaoni moja moja, na baada ya hapo hakuna kinachoingia wala kutoka gizani. Mzee akipoteza haondoki. Anabaki pale akionyesha kwa kidole: hapa nilikula shimo lisilofaa, hapa niliichezea nyumba, lile shimo la akiba, mapema. Mazungumzo hayo baada ya mchezo huwa marefu kuliko mchezo wenyewe, na vijana wanaosimama nyuma ndipo wanapojifunzia. Mvulana wa ubuyu alipotazama kidole chake alikuwa anafanya kilekile wanachofanya wazee wale. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema magemu ni kitu kigeni kilichotushukia kutoka nje. Adabu yake ya kushindwa tunayo tangu zamani.

Kuna suala la gharama ya kufungwa. Hili naligusa kwa uchungu kidogo. Tetris ukifungwa unaanza upya kwa kubonyeza mara moja. Nyoka wa simu za Nokia, aliyeingia kwenye Nokia 6110 mwaka 1997, naye hivyohivyo: umejigonga mkia, umeanza tena, na bibi yako akiwa anasubiri kupigiwa simu. Leo unapakua gemu la bure kwenye simu, unafungwa, na kabla hujaruhusiwa kujaribu tena unaonyeshwa tangazo la sekunde 30 linalokula bando lako. Au unaambiwa umeishiwa maisha, usubiri nusu saa au ulipe. Gemu la aina hiyo limegeuza kufungwa kwako kuwa duka. Na mwenye duka akifaidika kila unapofungwa, unawezaje kuamini kwamba hakukusukuma? Ubelgiji ilipiga marufuku mwaka 2018 masanduku ya bahati yanayouzwa ndani ya magemu, unayonunua bila kujua kilichomo, kwa sababu iliyaona ni kamari. Mimi nayahukumu kwa sababu nyingine zaidi ya hiyo: yanavunja uhusiano kati ya kosa na matokeo, na bila uhusiano huo hakuna mchezo.

Kwa sisi gharama nyingine ni umeme. Niliwahi kutumia saa tatu na nusu kwenye gemu moja ambalo halikuruhusu kusevu, yaani kuhifadhi ulipofikia, hadi ufike mahali maalumu. Nilikuwa njiani kwenda huko, upepo wa Agosti unavuma nje, na umeme ukakatika. Uliporudi, saa tatu na nusu zilikuwa hazipo. Nilikaa mbele ya skrini nikitafuta kosa langu na sikulipata. Sikulirudia gemu lile kwa zaidi ya mwaka, ingawa hadi dakika ile nilikuwa nalipenda kupita yote niliyonayo.

Wapo wabunifu walioifanya kusevu kuwa kitu adimu kwa makusudi. Katika Resident Evil ya mwaka 1996 unasevu kwa taipureta, na kila mara unatumia utepe wa wino unaopatikana kwa uchache. Ni wazo zuri la kutia hofu. Lakini limejengwa juu ya imani kwamba ukutani umeme upo na utaendelea kuwapo. Gemu linalojisevia lenyewe kila baada ya dakika chache, huku kwetu, linaongezewa alama ambazo mchambuzi wa London hatazifikiria, na nadhani tuna haki ya kuzitoa.

Rafiki yangu mmoja hunipinga kwamba kipimo changu hakiyahusu magemu ambayo hakuna kufungwa. Hunitajia Minecraft, lililovuka nakala milioni 300 mwaka 2023, ambalo watu hujenga tu. Lakini hata huko kuna yule kiumbe wa kijani anayekuja bila kishindo, anatoa mlio wa utambi unaoungua kwa sekunde moja na nusu, kisha analipuka na nyumba yako. Kila aliyelicheza anaukumbuka mlio huo mgongoni. Ni muda wa kutosha kukimbia kama ulikuwa unasikiliza, kwa hiyo ukilipuliwa hukosi la kujilaumu. Ukifa, vitu vyako vinabaki pale ulipoanguka kwa dakika tano, nawe unakimbia kuvifuata.

Hunitajia pia Journey la mwaka 2012, safari ya jangwani ambamo mchezaji hafi kamwe. Kweli hafi. Ila ana skafu shingoni inayompa uwezo wa kuruka, na kadiri anavyogundua siri za njia inarefuka. Akikosa kujificha na kuonekana na lile joka la mawe linaloruka, linamrarua, na skafu inafupika. Anaendelea kutembea na kipande kilichobaki. Kosa lake amelivaa shingoni hadi mwisho wa safari. Mimi hilo nalihesabu kuwa kufungwa, na ni miongoni mwa namna nzuri za kufungwa nilizowahi kuziona.

Nasema limekaribia kukamilika, sisemi limekamilika, kwa sababu ya Tetris tena. Toleo lake la zamani la mashine ya Nintendo halina ushindi. Linaongeza kasi hadi ufungwe, na kwa zaidi ya miaka 30 kila aliyelicheza alifungwa. Desemba 2023 mvulana wa Marekani mwenye miaka 13 alifika hatua ya 157 na mashine yenyewe ikaganda. Alikuwa wa kwanza kulifikisha huko kwa mikono. Watoto wenzake hawakusema sasa gemu limekwisha. Waliendelea kulicheza.

Kuna vijana wanaosoma programu pale UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, na baadhi yao wameniambia wanatengeneza magemu yao. Huniuliza maoni kuhusu picha, na picha zao ni nzuri. Nawaomba kitu kimoja. Leteni gemu lenu kwenye banda kama hili la Chang'ombe, Jumamosi, watoto wakiwa wengi. Msiwaeleze chochote. Kaeni pembeni na daftari, mwandike neno la kwanza linalomtoka kila mtoto anapofungwa.

Kabla ya kuondoka na mpwa wangu na sukari yetu, zamu ya yule mvulana ilirudi. Alipangusa vidole kwenye kaptula, akashika pedi. Dakika ya 70 mpinzani alikatiza kulekule kulikomfungisha mwanzo. Safari hii beki alitoka mapema. Mpira ulikwenda nje, kona. Mvulana hakusema kitu, ila alisogea mbele kwenye benchi hadi magoti yakagusa meza ya TV. Kona ilipigwa, akafungwa kwa kichwa.

"Kipa nimemtoa mimi," alisema, na akaanza kupapasa mfukoni kama kuna 500 nyingine.